Aiskrimu Iliyokataa Kuganda

Kwanza niwataje waliokuwepo, ili msomaji ajue nnazungumza habari za kina nani. Alikuwepo bibi yangu mzaa baba, Bi Khola, mwenye nyumba. Alikuwepo mama yangu, Bi Zeyana, ambaye kwa Bi Khola alikuwa mke wa mtoto wake wa kwanza, na kwa hiyo hakuwa na ruhusa ya kuchoka siku ile. Alikuwepo Bi Moza, dada yake mkubwa babu yangu, mjane, aliyekaa orofa ya juu na kusikia kila kinachosemwa orofa ya chini. Alikuwepo Bi Shirin, jirani yetu wa Kihindi wa mlango wa pili, na pipa lake. Chumbani, mlango umefungwa, alikuwepo Shangazi Raya, bibi harusi, anasuguliwa liwa na kusingwa. Babu yangu, Mzee Suleiman, alikuwa dukani kwake Sokomuhogo, akiuza bizari na dawa za mizizi, akaja baadaye. Na katikati ya wote hao alikuwepo Shangazi Zuwena, kitinda mimba wa Bi Khola, ambaye habari hii ni yake. Mie nilikuwa mtoto, meno ya mbele yameng'oka, nakaa popote pasipokuwa na mtu wa kunitimua.

Yamenirudia haya juzi, tulipomsomea khitma Shangazi Zuwena kwa mwanawe kule Mpendae. Joto lilikuwa kali, na mjukuu wake mmoja akaniletea kibakuli cha aiskrimu ya iliki, akasema, "Kula bibi, upoe." Nilipoitia puani tu ile iliki ya baridi, machozi yakanitoka. Vijana wakanishika mabega wakidhani nnalia msiba. Kulia nililia, lakini nusu yake ilikuwa kicheko, na sikuweza kuwaeleza pale pale na watu wanasoma. Ndiyo maana nnaandika.

Zuwena alikuwa msichana mrefu, mwembamba, na kidole chake cha kati cha mkono wa kulia hakikuwahi kukosa wino. Skuli ya wasichana wakati ule haikuwa na chumba cha kemia, basi yeye na wenzake wawili, Nafisa na Time, walikuwa wakivaa mabuibui yao alasiri wakaenda kusomea skuli ya wavulana. Waliketi benchi la mbele kabisa, na mwalimu akizunguka nyuma yao kama mlinzi wa shamba la mikarafuu. Akirudi nyumbani mikono inanuka kitu kikali kama siki iliyoungua, na Bibi anamwambia, "Kaoge kwanza, ndio uniamkie." Anakwenda kuoga, anarudi, anasema "Shikamoo," Bibi anaitikia "Marahaba" huku bado anamnusa.

Karibu na harusi ile, Zuwena alikuwa keshapasi mtihani wake na keshapata nafasi chuo cha bara, mbali, kupanda meli kwanza kisha treni. Nafasi ipo, kilichobaki ni idhini ya Babu. Babu hakuwa mtu wa kukataa. Alikuwa mtu wa kunyamaza, na kunyamaza kwake kulikuwa na sababu moja tu, nayo ni Bi Moza. Mama yao alipokufa, Bi Moza ndiye aliyembeba Babu mgongoni, akamlisha, akamtia chuo cha Kurani. Na Babu, pamoja na mvi zake zote, hakuwahi kufanya jambo kubwa bila ya neno la dada yake. Neno la dada yake lilijulikana mpaka na muuza maziwa.

"Mtoto wa kike anakwenda kutafuta nini huko?" Bi Moza alikuwa akiuliza kutoka juu ya ngazi, hata pasipo na mtu aliyemwuliza yeye. "Atarudi hatotujua. Ataingia humu atatuona sisi ndio wajinga."

"Ntasema baada ya harusi," Babu alikuwa akijibu, na kuvaa viatu vyake.

Zuwena hakubishana. Alikuwa anainamisha kichwa, anakwenda uani, anachutama juu ya sakafu na kipande cha chaki. Karatasi hazikuwa nyingi, na sakafu ya uani ilikuwa pana na inakubali kufutwa. Pale alikuwa akifanya hesabu zake.

Hapa lazima nikiri ujinga wa utoto. Mtaani kwetu, Kiponda, kulikuwa na mzee mmoja, Maalim Haji, akipiga ramli. Mtu aliyepotelewa na herini au mbuzi anamwendea, mzee anachora alama kwenye mchanga, anatulia, halafu anasema, "Kitu chako kipo upande wa kibla." Basi mie nilipomwona Zuwena amechutama, anachora tarakimu, midomo inamcheza, nilijua moja kwa moja kuwa na yeye anapiga ramli, ila yake ya kizungu. Na kila ramli ina maneno yake. Yake yalikuwa "moja nukta nane sita." Ndiyo tarakimu, nilikuja kujua ukubwani, ya kuhesabia kuganda kwa maji, na hakuna hesabu ya maji aliyoifanya bila ya kuyasema. Nikayahifadhi. Nikiogopa usiku, nikimaliza sura zangu fupi, na hayo nnayasema kwa chini chini.

Siku moja nilimkalia mbele na kumwambia, "Shangazi, chora ya Babu. Utazame atakubali au atakataa."

Akacheka mpaka chaki ikamwanguka. Halafu akaacha kucheka. "Hiyo sina kanuni yake, shoga yangu mdogo," alisema. "Maji yana tabia moja dunia nzima. Babu yako ana zake."

Sasa, aiskrimu. Wakwe wa Shangazi Raya walikuwa watu wa Malindi, na wanawake wa nyumba ile walisifika kwa midomo. Harusi wanayokwenda, kesho yake mji mzima unajua pilau ilikosa nini. Siku ya kuja kumtazama bibi harusi aliyepambwa, ilibidi wapewe kitu ambacho hawatokuwa na la kukisema. Zuwena akasema tuwape aiskrimu, Bi Shirin ana pipa la kuigandishia.

Bi Moza akashuka ngazi nzima kwa ajili ya neno hilo. "Maziwa ya baridi? Tutoe halua na kahawa, watu wale waende zao. Nani humu anajua kugandisha maziwa?"

"Mimi, Bi Mkubwa," Zuwena akasema. "Nimesoma kwa nini inaganda."

"Umesoma kwa nini!" Bi Moza akamgeukia Babu, aliyekuwa anakunywa kahawa yake. "Haya. Na afanye. Tena mbele ya wakwe. Ikiganda, tutakula. Isipoganda, na hiyo safari yake ya bara ife hapo hapo, tusiisikie tena. Au vipi, Suleiman?"

Babu akatazama kikombe chake. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Kwa Babu, hiyo ilikuwa ndiyo. Zuwena akasema, "Sawa, Bi Mkubwa." Nikaona vidole vyake vinapapasa chaki ndani ya mfuko wa gauni.

Alijiandaa siku kadhaa, na kwa kuwa mie nilikuwa nnamfuata kama mkia, alinieleza kila kitu. Sijapata kusikia mtu akieleza vile, na mie skuli niliishia madarasa ya chini tu, lakini hili sijalisahau.

"Maji yakitaka kuganda," alisema, "yanajipanga. Unawaona wanawake kwenye maulidi, wanavyokaa mkekani goti kwa goti, safu kwa safu? Barafu ndiyo hivyo. Sasa ukitia sukari, umeingiza wageni. Kila mgeni anakaa katikati ya safu, anawatenga watu. Hawawezi kujipanga tena mpaka baridi izidi, iwabane. Wageni wakizidi, baridi nayo izidi."

"Na mgeni akiwa mnene?"

"Unene haudhuru kitu! Hapo ndipo penye raha yake. Maji hayatazami ukubwa wa mgeni, yanahesabu vichwa. Punje za sukari ni nene, kwa hiyo kwenye ratili moja ya sukari vichwa ni vichache. Za chumvi ni ndogo ndogo, kwenye ratili moja vichwa ni vingi. Na chumvi ana jambo jengine." Akasogea karibu kama anayetoa siri ya mtaa. "Anabisha hodi mmoja. Akishaingia ndani ya maji, wanaachana, wanakuwa wawili. Kurwa na Doto."

Jioni ile nilikaa mbele ya kidau cha chumvi nikitafuta Kurwa ni yupi na Doto ni yupi, mpaka mama akaninyang'anya.

Hiyo ndiyo siri ya pipa la Bi Shirin. Lilikuwa pipa la mbao, ndani yake kopo refu la bati, na juu mkono wa kuzungusha. Maziwa yanatiwa ndani ya kopo, barafu iliyovunjwa inazunguka nje ya kopo, na barafu ile inatiwa chumvi. Chumvi inailazimisha barafu kuyeyuka, na maji yale ya chumvi yanakuwa baridi kuliko barafu yenyewe. Mie nilitia kidole. Kiliniuma kama nimekitia motoni, nikaamini kuwa chumvi inaikasirisha barafu.

Lakini chumvi ikizidi, barafu inakwisha upesi kabla kazi haijamalizika, na sisi tungepata bonge moja tu, maana kiwanda cha barafu siku ile kilikuwa kinafunga mapema. Kwa hiyo Zuwena alichora sakafu nzima: maziwa kiasi gani, sukari ratili mbili, chumvi kiasi gani ili baridi iwe ya kutosha na barafu ifike mpaka wageni waje. Mama alikuwa akipita na beseni la nguo, anaruka ruka ili asikanyage. Bi Moza alikuwa akikusanya kanga yake mpaka magotini, akizunguka ukutani kabisa. Alikuwa akisema zile tarakimu ni upuuzi, lakini hakuzikanyaga.

Siku yenyewe, asubuhi, Zuwena alipika maziwa, akayapima sukari yake ratili mbili kwa mizani ya jikoni, akatia iliki na zafarani, akayaacha ukumbini yapoe, yamefunikwa kawa. Halafu akavaa buibui, akanishika mkono, tukaenda na hamali kuchukua barafu bandarini. Tulirudi na bonge limefungwa magunia na vumbi la mbao, linatoa moshi, watoto wa mtaa wanatufuata nyuma wakiomba vipande. Nyumba nzima inanuka udi, asmini na vitunguu vya pilau. Tukavunja barafu kwa nyundo, tukatia chumvi, tukaanza kuzungusha.

Tukazungusha. Bi Shirin akazungusha, bangili zake zinalia. Mama akazungusha. Bibi mwenyewe akazungusha kidogo, akashika kiuno. Kwa kawaida, Bi Shirin alisema, mkono unaanza kuwa mzito, na ukiwa mzito ndio ujue imeshika. Mkono ulikuwa mwepesi vile vile. Zuwena akafungua kifuniko: maziwa, ya njano, mazuri, baridi sana, na laini kama yalivyoingia. Pembeni ya kopo tu ndipo palipoanza kuonekana utando.

"Jicho," Bibi akasema. "Barafu ile imepitishwa mtaani wazi wazi, watu wote wameiona. Zeyana, leta chetezo."

Mama akaleta chetezo, pipa likafukizwa ubani. Bi Moza, amekaa kwenye ngazi ya tatu kutoka chini, alikuwa anatikisa mguu. Kutoka pale alipokaa aliweza kuiona harusi yetu yote inavyoingia midomoni mwa watu wa Malindi, na sidhani kama hilo lilimfurahisha. Lakini alikuwa keshasema, na keshasema mbele ya watu.

Zuwena uso wake ulikuwa umebadilika rangi. Nikajua anaiona ile meli inaondoka bila yake. Kisha akaingia chumbani, akatoka na kijiti cha kioo alichoazimwa na mwalimu wake, chenye zebaki ndani, cha kupimia baridi na joto.

Kitu cha kwanza alichofanya, akakitia kwenye bakuli la maji yaliyojaa vipande vya barafu, bila chumvi. Akakitazama mpaka zebaki ikatulia. "Sifuri," alisema. "Hiki hakisemi uongo." Halafu akakitia ndani ya maziwa, pale palipoanza utando, akakoroga taratibu, akakitazama tena. Akarudi kukitazama mara nyengine. Akachukua chaki.

Sisi sote tulisimama kando. Akachutama juu ya sakafu, kilemba chake cha kanga kimemwangukia shingoni, akaanza. "Moja nukta nane sita..." Nikazisema na mie kimoyomoyo, kumsaidia.

Alipoinuka hakuwatazama watu usoni. Aliitazama sakafu. "Bi Khola," alisema, hakumwita mama, maana alikuwa anazungumza kama yupo darasani, "maziwa haya yalitakiwa yaanze kuganda nyuzi mbili na kidogo chini ya sifuri. Yameanza kwenye tatu na zaidi. Wageni wamezidi ndani. Kuna sukari humu ambayo sikuitia mimi. Kama ratili moja na nusu."

Sauti ya Raya ikatoka chumbani, "Kuna nini?"

Bibi akashika mdomo. "Khaa! Umetupigia ramli?"

"Sikupiga ramli, mama. Nimehesabu."

"Basi mie nilitia kikombe," Bibi akasema, na sauti yake ikawa ndogo. "Kimoja tu. Nilionja nikaona haina utamu wa harusi. Watu watasema tumewanyima sukari!"

Mama akaanza kucheka, akajizuia. "Na mie kimoja. Sikujua kama mama keshatia. Nlipita, nikaonja, nikaona aibu."

Hivyo ndivyo tulivyokuwa. Hakuna mwanamke wa nyumba ile aliyeweza kupita mbele ya chungu cha wageni bila kukifunua, na hakuna aliyekifunua bila kukitengeneza. Kila mmoja akiihifadhi heshima ya nyumba peke yake, kwa siri, asimvunje moyo aliyepika.

Zuwena akavipima vile vikombe vya jikoni. Nusu ratili, na nusu ratili. Akarudi kwenye sakafu yake. "Hiyo ni ratili moja," alisema. "Bado nusu."

Na hapo mlango wa mbele ukafunguka, Babu akaingia. Alikuwa ametoka dukani na mizani yake ndogo kwapani, maana Zuwena, mara alipoona mkono hauwi mzito, alikuwa ameniagiza nikimbie kumwita aje nayo, na mie nikarudi mbio kabla yake. Akatazama pipa, akatazama chetezo, akatazama chaki chini. Babu alikuwa mtu wa mizani maisha yake yote, tarakimu hakuziogopa. Akauliza imekuwaje, Bibi akamweleza. Akavisoma vile vilivyochorwa taratibu, mikono nyuma.

"Nusu ratili ipo wapi?" aliuliza.

Hakuna aliyetazama ngazini. Ndiyo kusema kila mtu alijua pa kutazama.

"Na mie nnajuaje?" Bi Moza akasema.

Zuwena angeweza kusema neno. Alikuwa nalo mdomoni. Mie nilikuwa chini yake, nililiona. Badala yake akainama. "Labda nimekosea mimi, Bi Mkubwa," alisema. "Ntapiga upya."

Akafuta kwa kiganja, akaanza tangu mwanzo. Babu akachutama kando yake, magoti yakilia, akifuata kila mstari. Chaki ikafika mwisho, jibu likawa lile lile. Zuwena akaliacha pale. Hakulisoma kwa sauti.

"Haya!" Bi Moza akasimama, kanga ikamponyoka begani. "Haya, mie! Nilitia mie! Mlikuwa hamna mtu ukumbini, nikashuka kidogo kidogo na kikombe changu cha juu. Sikutaka mtoto aaibike mbele ya watu wa Malindi, na yale maziwa hayana ladha! Sasa mnanitazamia nini?"

Bi Shirin alikuwa wa kwanza kushindwa. Alikaa chini kabisa, bangili zikalia, akacheka mpaka akashika mbavu. Mama akamfuata. Bibi akajifunika uso na mtandio, mabega yanatikisika. Raya akapiga mlango kwa ndani, "Niambieni na mimi!" Na Bi Moza mwenyewe akabaki pale kwenye ngazi ya tatu, ametutazama wote kama tumepagawa. Alikuwa ameitilia sukari aiskrimu ambayo alitaka ishindikane. Yeye mwenyewe nadhani hakuwa amelipima jambo hilo mpaka dakika ile.

Zuwena hakucheka. Alikuwa bado kazini. "Sukari haitoki," alisema, "lakini wageni wanaweza kupunguzwa nguvu tukiongeza wenyeji." Akataka maziwa zaidi, yasiyo na sukari, yapunguze ule utamu. Bi Shirin akakimbilia kwake akarudi na sufuria nzima. Tungegandisha mafungu mawili badala ya moja, na kwa hiyo chumvi ilibidi iongezwe.

"Kiasi gani?" Babu akauliza. Mizani alishaiweka sawa.

"Ratili nne, baba."

"Kwa nini si tano? Tukaharakisha?"

"Tano, barafu itatukimbia kabla ya fungu la pili."

Babu akamtazama. Halafu akapima nne, akapunguza punje kadhaa kwa ncha ya kidole kama anayepima zafarani, na akamkabidhi binti yake kwa mikono miwili. Mie nnakikumbuka kile kitendo kuliko maneno yote. Babu hakuwa akimpa mtu kitu kwa mikono miwili isipokuwa Maalim wake wa zamani.

Tukazungusha tena. Nilikuwa nimekaa juu ya gunia ubavuni mwa pipa, sauti ya kopo ikikwaruza barafu ndani ya kifua changu, na taratibu ile sauti ikabadilika, ikawa nene. Mama alikuwa kwenye zamu yake. Akasimama, akajaribu tena, uso ukamng'aa. "Mzito," alisema. "Wallahi, mkono mzito."

Wakwe walikuja baada ya alasiri, mabuibui yao yananukia marashi mpaka mwisho wa uchochoro. Bibi yao mkubwa, Bi Thuwaiba, ndiye aliyekuwa mdomo wa nyumba ile. Raya alitolewa amepambwa, macho chini, mikono myekundu kwa hina, akatazamwa na kusifiwa. Kisha vikaletwa vibilauri, kila kimoja na kijiko. Bi Thuwaiba akatia kijiko, kikasimama. Akala. Sote tunamtazama mdomo. Akala tena, akamaliza, akageuza kibilauri akakitazama chini yake, kama kwamba kuna maelezo yameandikwa pale.

"Nani kapika?" aliuliza.

"Yule pale," Bi Moza akajibu, kabla ya mtu yeyote. "Zuwena wetu. Kasoma." Na akalitamka lile "kasoma" kwa kidevu juu, kama vile ni yeye aliyempeleka.

Asubuhi ya pili, mikeka bado haijakunjwa, Babu alikaa ukumbini na kahawa yake. Wote tulikuwepo, isipokuwa Raya aliyekwishakuwa wa Malindi. Babu akainua uso kwa dada yake. "Dada," alisema, "nilisema ntasema baada ya harusi. Harusi imekwisha. Unasemaje?"

Zuwena alikuwa anafagia vumbi la mbao. Ufagio ukasimama.

"Nasemaje!" Bi Moza akaja juu. "Mtoe! Mtoe humu ndani, na meli ya kwanza! Mie nitakaa vipi nyumba moja na mtu anayejua nilichotia chunguni wakati nilikuwa peke yangu? Leo sukari, kesho ataniambia nimelia mara ngapi usiku! Mpeleke huko huko bara, akawahesabie wenzake!"

Mie nikaangua kilio. Nikamkimbilia Zuwena, nikamkumbatia miguu, nikapiga kelele asifukuzwe, kwamba hatofanya tena, kwamba mie nitamfichia chaki. Watu wazima wakawa wanacheka, na Bi Moza anacheka, na kumbe machozi yanamchirizika yeye pia, na mie sikuelewa kitu hata kimoja.

Zuwena akachutama, akanishika uso kwa mikono yake. "Nyamaza," akaninong'oneza. "Nyamaza, shoga yangu mdogo. Wamenikubalia."

Akaenda. Akarudi mwalimu, akawafundisha watoto wa kike kemia ndani ya skuli yao wenyewe, miaka na miaka, hata baadhi ya watu walioijaza ile nyumba ya Mpendae kwenye khitma walikuwa wanafunzi wake wenye mvi. Wengi wao wamesoma mbali kuliko mie, lakini nilipowauliza kwa nini chumvi ni wawili, walinijibu kwa maneno yake yale yale, wakitabasamu.

Wengi wa niliowataja wametangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, na mie kumbukumbu yangu ina matundu yake. Sina hakika kama Bi Shirin alikuwa mlango wa pili au wa tatu, wala kama ratili zile za chumvi zilikuwa nne kweli, na yale mahesabu nimeyaeleza kama nilivyoyasikia na masikio ya mtoto. Akiwepo mtu wa Kiponda au wa Malindi aliyekuwa ukumbini siku ile, au aliyehadithiwa na mamake, naye akaona nimemsingizia mtu au nimemnyima mtu haki yake, nnamwomba aje anisahihishe. Lakini akija, asiniambie kuwa Bi Moza aliridhika tangu mwanzo. Hilo mie nilikuwepo.